Manesi weusi Uingereza: tusi la mgonjwa unalimeza, kalamu ya meneja ndiyo inayokumaliza

Binti Ukerewe ameandika:

Wanajamvi, habari za Jumapili.

Nyuzi za "nataka kwenda UK kufanya unesi, nianzie wapi" zimejaa humu na majibu ni yale yale: mtihani wa Kiingereza wa IELTS au OET, mtihani wa vitendo wa OSCE, mshahara wa bendi ya 5 (ngazi anayoanzia nesi), kodi ya chumba. Hayo yote ni kweli na yanasaidia. Ila kuna sehemu sisi tuliotangulia huwa tunairuka, sijui ni aibu au ni kutotaka kuonekana tumefeli, nayo ni jinsi ngozi yako itakavyoingia kwenye hesabu ukishavaa ile sare ya bluu.

Mimi ni nesi, nimesomea nyumbani na nimefanya hospitali ya mkoa kabla ya kuja. Huku niko wodi ya wazee, mji mmoja wa katikati ya England. Hospitali siitaji.

Nianze na wagonjwa maana kila mtu huanzia hapo. Utakutana na babu atakayekutazama mikono na kusema usimguse. Mwingine ana ugonjwa wa kusahau, hata mwanawe hamjui, huyo unamsamehe kabla hajamaliza sentensi. Lakini kuna yule wa kitanda cha dirishani, kavunjika nyonga tu, akili timamu, asubuhi anajaza chemshabongo ya gazeti kwa kalamu ya wino, halafu saa nne ukimletea dawa anasema anamsubiri nesi "wa hapa". Unaweka kikombe cha dawa, unamwita mwenzako Mzungu, yeye anampa, babu anasema asante mpenzi. Wewe unaandika kwenye faili kwamba dawa imetolewa na fulani. Sababu hakuna mahali pa kuiandika. Tangu Aprili 2020 NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku, ina kanuni inayoruhusu kumnyima huduma isiyo ya dharura mgonjwa anayebagua wahudumu. Ipo. Wodini kwangu sijaiona ikitumika hata kwa barua ya onyo.

Sasa hilo, niamini, ni dogo. Linauma siku hiyo, ukifika nyumbani unapiga simu Mwanza, mnacheka, limeisha.

Lisiloisha ni hili. Mghana mmoja tuliyefanya naye kazi alichelewesha dripu ya antibayotiki kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili alianguka chooni. Akaripoti mwenyewe kwenye mfumo, akaweka saa na sababu, kama tulivyofundishwa. Kipindi hicho hicho mwenzetu mwenyeji naye dozi yake ilichelewa, na hakuandika kitu, tuligundua kwenye makabidhiano ya zamu. Mwenyeji aliitwa ofisini, wakanywa chai, wakaulizana kama nyumbani kuna shida. Mghana alipewa barua. Asiguse dawa za mshipani mpaka asimamiwe, awekwe kwenye mpango wa kuboresha utendaji, na zamu za usiku, ambazo ndizo zenye nyongeza, akaondolewa. Barua ile ilikuwa na lugha nzuri kweli, imejaa "kukusaidia" na "kukulea kitaaluma". Nafasi ya bendi ya 6 ilipotangazwa, nani atamwita kwenye usaili mtu aliye kwenye mpango?

Na haya si maneno ya wodi yangu tu. Mwaka 2014 mtafiti Roger Kline alitoa ripoti kuhusu uongozi wa NHS jijini London, akaonyesha jinsi weusi na Waasia walivyojaa chini na kukosekana juu. Mwaka uliofuata NHS ikaanzisha kipimo chake cha usawa wa rangi kazini, WRES, kinachotoa takwimu kila mwaka. Ripoti ya 2023 ilionyesha wasio Wazungu ni asilimia 26.4 ya wafanyakazi wote, lakini kwa mameneja wa juu kabisa ni 11.2. Mwombaji Mzungu aliyekwisha kuingia kwenye orodha ya usaili alikuwa na nafasi ya kupata kazi mara 1.59 ya mwenzake asiye Mzungu. Hapo wote wameshachujwa na kuonekana wanafaa kuitwa.

Kwa nini hatusemi? Viza. Ukiwa na viza ya kazi, mwajiri ndiye anayekudhamini. Akikuachisha, kwa kawaida una siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Una mtoto darasa la tatu, una mkopo uliochukua kuja huku, na wengine mkataba unasema ukiacha kazi mapema unarudisha gharama za kukuleta, maelfu ya pauni. Ndiyo maana manesi wetu wanapenda kusema "mimi sijawahi kubaguliwa".

Karibuni, nanyi mlioko huku mseme yenu.

---

Kijana wa Buza ameandika:

Dada pole, lakini na sisi tulioko huku utuonee huruma. Nimemaliza diploma ya uuguzi, najitolea zahanati bila mshahara, nauli natoa mfukoni. Wewe unalipwa pauni unalalamika babu kakataa dawa. Si urudi tubadilishane? Huyo babu mimi nitamwimbia na taarab.

---

Binti Ukerewe ameandika:

Kijana wa Buza, hapo kwa babu umenichekesha. Kuhusu kujitolea bila mshahara uko sahihi, na ni aibu ya nchi nzima. Ila ndugu yangu, kwamba wewe hulipwi haimaanishi mimi nistahili kuandikiwa barua kwa rangi yangu. Nimeandika ili ukija ujue unakokuja. Sijakuzuia kuja.

---

Wambo wa Nyeri ameandika:

Mko aje watu wangu. Mimi ni Mkenya, niko London, ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Hapo kwa barua umegusa kidonda.

Sisi Wakenya mnatukumbuka 2021. Julai serikali ikaweka sahihi mkataba na Uingereza wa kuleta manesi, watu wakashangilia. Kufika Novemba, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba waliofanya mtihani wa Kiingereza walikuwa 300 na waliopita ni 10 tu. Tulichekwa hadi tukachoka. Watu tuliosoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, tunaandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza! Na ukifika huku, hata kama ulipita na alama za juu, bado utaambiwa kwa kikao kwamba "mawasiliano" yako ni shida. Hiyo mawasiliano haina kipimo. Dosi ya dawa ina kipimo, mawasiliano haina, kwa hivyo ndiyo wanayokuandikia.

Lakini mimi nilitaka kuongea ya Covid, kwa sababu watu washaanza kusahau.

Machi 2020 walianza kufa madaktari. Wa kwanza tuliosikia ni Wasudani wawili, Adil El Tayar, daktari wa upasuaji wa kupandikiza viungo, halafu siku chache tu Amged El-Hawrani, wa masikio, pua na koo. Madaktari kumi wa kwanza kufa Uingereza hakuna hata mmoja alikuwa Mzungu, wote asili yao Afrika, Asia ama Mashariki ya Kati. Aprili wachambuzi wakachukua vifo 106 vya wahudumu wa afya, wakapata asilimia 63 hawakuwa Wazungu. Kwa madaktari peke yao ilikuwa asilimia 94. Wakati huo sisi wote tusio Wazungu tulikuwa kama mmoja kati ya watano kwa NHS.

Wakaanza kutuambia ni vitamini D, ni kisukari, ni vile tunaishi wengi kwa nyumba moja. Sawa, wacha hayo yachunguzwe. Lakini mimi nilikuwa hapo. Orodha ya zamu ilikuwa inabandikwa kwa ukuta wa chumba cha chai, na wodi yenye wagonjwa wa Covid ilikuwa na majina ya Kifilipino, Kinigeria, Kihindi, Kikenya. Barakoa zile nzito lazima upimwe kama zinashika uso wako vizuri. Aina iliyokuwepo haikushika uso wangu, hewa ilikuwa inapenya hapa kwa pua. Nikaambiwa nifunge kwa nguvu. Mwenzangu Mzungu ambaye barakoa yake ilikataa pia alihamishwa akaenda kupiga simu za wagonjwa wa kliniki. Hakuna mtu alinitukana siku hiyo. Walikuwa wapole kabisa.

---

Mzee Kipara ameandika:

Nimesoma kwa makini wanangu. Mimi ni mganga msaidizi mstaafu, Tanga.

Haya mnayosema hayakuanza na ninyi. NHS ilizaliwa Julai 1948, wiki mbili tu baada ya meli ya Windrush kutia nanga bandari ya Tilbury, Uingereza, na watu wa Karibiani. Wasichana wa Jamaika, Barbados na Trinidad waliitwa kwa matangazo, njooni mtuuguzie. Walipofika, wengi wakawekwa kozi ya miaka miwili ya daraja la pili badala ya miaka mitatu ya uuguzi kamili. Wengine walikuwa na sifa za kozi kubwa na hawakuelezwa tofauti. Wakamaliza, wakakuta cheti chao hakiwapandishi huko, na makwao wengi hakikutambuliwa kabisa. Dada yangu mkubwa alikwenda miaka ya sitini naye akapelekwa kozi hiyo hiyo. Alistaafu akiwa pale pale alipoanzia, na waliomsimamia mwishoni yeye ndiye aliyewafundisha kutandika kitanda.

Nesi mweusi anayetajwa kuwa wa kwanza kufanya kazi NHS ni Mnigeria, Kofoworola Abeni Pratt, aliyesomea hospitali ya St Thomas', London, na kuhitimu 1950. Na yeye alikutana na mgonjwa aliyekataa kuhudumiwa na mtu mweusi. Kwa hiyo Binti Ukerewe, babu yako wa chemshabongo ana ukoo mrefu. Bi Pratt alirudi kwao akawa Mnigeria wa kwanza kuwa metroni mkuu wa hospitali ya chuo kikuu Ibadan.

Hata hapa kwetu msidhani tulikuwa salama. Dar es Salaam hospitali ya Ocean Road, waliyoijenga Wajerumani, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alikuwa na hospitali ya Sewa Haji. Mtu akisomea udaktari Makerere enzi za mkoloni alirudi na cheo cha "msaidizi" na mshahara wa msaidizi, huku akikata na kushona kama daktari yeyote. Nilipoanza kazi walikuwepo wazee waliopitia hayo, na walikuwa bado na hasira.

---

Binti Ukerewe ameandika:

Mzee wangu shikamoo. Hilo la dada yako limenifikia hasa. Hapa tuna mama mmoja wa Jamaika anakaribia kustaafu, kila meneja mpya anayekuja yeye ndiye anayemwonyesha funguo za kabati ziko wapi.

---

Mwana Bukavu ameandika:

Bandugu, mimi ni wa Bukavu, niko Ohio, Marekani, nyumba ya wazee. Kazi yangu ni ile ya kugeuza mgonjwa, kumwogesha, kumlisha. Huku kwetu ukitaka kujua ubaguzi usisikilize maneno, simama mlangoni saa ya kubadilisha zamu. Wanaotoka na viatu vilivyolowa maji ya kuogesha ni Wakongo, Wahaiti, Weusi wa Marekani, Wasomali. Wanaoingia na kompyuta ya kusaini ni wengine.

Kwa madaktari ilipangwa kabisa. Mwaka 1910 ilitoka ripoti ya Abraham Flexner juu ya shule za udaktari. Wakati huo kulikuwa na shule saba za weusi. Ripoti ikasema zinazofaa kubaki ni mbili, Howard na Meharry, na hata hizo akaziona ni za kumfundisha daktari mweusi usafi na kinga, ili magonjwa yasiwavuke Wazungu. Tano zingine zikafungwa moja baada ya nyingine. Watu wanasema lakini si hiyo ni zamani? Sawa, tazama sasa: mwaka 2021 madaktari weusi walikuwa kama asilimia 5.7 ya madaktari wote wa Marekani, na weusi ni kama 13 kwa kila 100 wa nchi. Wanaume weusi walioomba kuingia shule za udaktari 1978 walikuwa 1,410. Mwaka 2014 wakawa 1,337. Miaka thelathini na sita, tena Obama yuko Ikulu, hesabu imeshuka.

Na udaktari wenyewe haukukingi. Mwishoni mwa 2020, jimbo la Indiana, Dk. Susan Moore, mama mweusi, daktari, alilazwa na Covid. Akajirekodi kitandani na mpira wa oksijeni puani, akaeleza jinsi daktari alivyopuuza maumivu yake na kutaka kumrudisha nyumbani, akasema angekuwa Mzungu asingepitia hayo. Alikuwa anataja dawa na vipimo kwa majina, anajua kila kitu wanachotakiwa kumfanyia. Wakamruhusu kwenda nyumbani. Baada ya wiki mbili hivi alikuwa amekufa, hospitali nyingine. Ile video nilitazama chumba cha mapumziko pamoja na wenzangu, hakuna aliyemaliza chakula.

---

Dokta wa Kata ameandika:

Wakuu, niko kituo cha afya mkoani, Tanzania. Naunga mkono ila niongeze mawili, moja litawaudhi.

La kwanza ni vifaa na vitabu. Kile kipima oksijeni cha kubana kidoleni, ambacho sasa kila zahanati inacho, kinapima kwa mwanga unaopita kwenye ngozi. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha usomaji wake na damu halisi. Kwa wagonjwa ambao kifaa kilionyesha 92 hadi 96, yaani unamwambia mtu uko sawa, weusi asilimia 11.7 oksijeni yao halisi ilikuwa chini ya 88. Wazungu ilikuwa 3.6. Mimi nina wagonjwa weusi watupu! Vitabu navyo: nimefundishwa kutambua upele, ngozi kuwa ya manjano na kukosa hewa kwa picha za watu weupe. "Midomo ya bluu" sikuwahi kuiona kwa mgonjwa wangu, kwa mtu mweusi unaangalia ndani ya mdomo, ulimi, viganja, na hilo nililijua kwa nesi mzee, si darasani. Mwaka 2020 kijana Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari St George's, London, alichoka kuuliza "kwenye ngozi nyeusi inaonekanaje?" akashirikiana na walimu wake wawili kutoa mwongozo wenye picha. Mwanafunzi! Mnaona kwa nini inatakiwa watu weusi wawe kwenye meza ya kuandika vitabu na kupima mashine? Wangekuwepo wa kutosha, swali hilo lingeulizwa miaka hamsini nyuma.

La pili. Jana tu mama mmoja kaniambia anampeleka mwanawe mjini kwa "daktari Mhindi". Wiki walipokuja wageni wa kujitolea kutoka Ulaya, wanafunzi wa mwaka wa pili, foleni ilihamia kwao na mimi nikabaki na kalamu yangu. Mwenye duka hapa akiugua anauliza kama kuna Mzungu. Tulizungumze na hilo pia.

---

Kijana wa Buza ameandika:

Dokta hilo la foleni kuhamia kwa watoto wa Kizungu ni kweli tupu, hata pale kwetu wanawaita dokta na wamekuja kupiga picha.

Haya dada, taarab nimeiweka pembeni. Sasa mtu akifika huko na nia yake ya kubeba boksi na unesi, afanye nini asiishie kama huyo Mghana?

---

Binti Ukerewe ameandika:

Dokta umeniudhi na uko sahihi, tuliache kwa uzi mwingine.

Kijana wa Buza, nitakwambia ninachowaambia wageni wangu. Jiunge na chama cha wafanyakazi kabla ya zamu ya kwanza, RCN (cha manesi) au Unison (cha wafanyakazi wa umma). Ukijiunga siku barua imeshafika, wengi hawakusaidii kwa jambo lililotangulia. Usiingie kikao chochote chenye "mazungumzo yasiyo rasmi" bila kuuliza kwanza kama yataandikwa. Ukitoka humo, andika barua pepe siku hiyo hiyo: "nashukuru kwa kikao, nilivyoelewa tumekubaliana haya na haya." Barua pepe moja ya namna hiyo ina nguvu kuliko machozi ya mwaka mzima. Weka daftari nyumbani, tarehe, saa, nani alikuwepo. Jina la mgonjwa usiliandike kamwe, hilo litakugeukia.

Watu wanadhani huwezi kushinda. Michelle Cox, nesi mweusi mwenye cheo kikubwa, aliishtaki NHS England yenyewe, na Februari 2023 baraza la kusikiliza kesi za kazi Manchester likampa ushindi. Katika mambo yaliyothibitishwa ni kwamba meneja wake alikuwa anapanga siku za mkutano wa timu nje ya ofisi akijua kabisa yeye hawezi kuhudhuria. Umeona ushahidi ulivyo mdogo? Kalenda. Hakuna aliyemwita jina baya. Ila uwe mwepesi, muda wa kufungua madai ni mfupi, kwa miaka mingi ulikuwa miezi mitatu kasoro siku moja tangu tukio, uliza ulivyo sasa, na unaanzia kwa ACAS kwanza, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi. Wengi wetu tunakuja kustuka mwezi wa tano.

Na NMC, wanaotunza leseni zetu, wasikutishe ila usiwaone malaika pia. Julai 2024 uchunguzi huru juu ya mwenendo wa ndani kwao ulikuta ubaguzi humo humo, kwa watu wanaoamua kama wewe unafaa kuitwa nesi.

---

Wambo wa Nyeri ameandika:

Naongezea: chagua hospitali kabla haijakuchagua. Sisi wengi tulikubali ya kwanza iliyotuma barua.

---

ngojangoja ameandika:

Nimekuwa nasoma kimya. Hizo takwimu za hospitali moja moja zinapatikana kweli au ni za nchi nzima tu? Nina ofa mbili mkononi.

---

Binti Ukerewe ameandika:

Zinapatikana, kila taasisi ya NHS inatakiwa kuzichapisha. Andika jina la hospitali na neno WRES mtandaoni, utapata faili, mara nyingi limefichwa chini kabisa ya tovuti. Usipoteze muda na picha za watu wanaotabasamu ukurasa wa kwanza. Nenda kipengele cha 2, nafasi ya kuajiriwa baada ya orodha ya usaili, na cha 3, nani anaingizwa kwenye mchakato wa nidhamu. Kwa cha 3, ikiandikwa 1.0 wote wanaingizwa sawa, ikiwa 2 maana yake sisi tunaingizwa mara mbili ya Wazungu. Halafu cha 1 kinaonyesha kila bendi ina weusi na Waasia wangapi. Angalia bendi ya 5 kisha upande mpaka ya 8, uone wanapotelea wapi. Linganisha ofa zako zote mbili, na miaka mitatu nyuma kama ipo.

Tuma majina PM, nina mtu kwenye hospitali kadhaa. Naingia zamu ya usiku, nitajibu kesho mchana nikishalala.